WEWE SI WA NAKONDE?

Washikaji, haya yamewahi kuwakuta? Mwaka jana niliomba ukarani kwenye ofisi moja ya wakala wa forodha hapa Tunduma. Bosi hata cheti changu cha fomu foo hakukifungua. Aliona jina tu, linaanza na "Si", akauliza: "We kijana, si wa Nakonde wewe?" Nikatoa kitambulisho cha NIDA. Akacheka, eti siku hizi vinapatikana. Kazi ikayeyuka.

Jamani! Kwa Wanyamwanga mwanaume ni Simukonda, dada yake Namukonda, awe Tunduma au kule Nakonde, Zambia. Mpaka huu walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, babu zetu hawakuulizwa. Shangazi yangu kaolewa upande wa pili, tunakwenda kumwamkia kwa miguu.

Hata Marekani yapo. Mwaka 2001 na 2002 watafiti walituma maombi ya kazi kama 5,000 huko Boston na Chicago, sifa zinalingana, majina tofauti. Kina Emily na Greg waliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya kina Lakisha na Jamal, majina ya watu weusi.

Kwetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua hata mwombaji kwa kabila, rangi au alikotoka. Mgeni anahitaji kibali, sawa. Basi kagua kitambulisho, siyo ukoo!

Siku hizi nina kibanda cha kutoa pesa za simu pale stendi. Bosi yule ni mteja wangu. Kila akitoa hela jina langu linamjia kwenye meseji, na hajawahi kuuliza ni la wapi.