Azalea ya Nakuru na Maji Yanayoifaa

Watu wa Mwambao ni hodari wa kulea asumini, mlangilangi na mkadi, kwani wamekua navyo uani. Lakini wana wa Pwani wengi wameweka makazi bara, na walioko Nakuru, tangu mtaa wa Bondeni hadi kwenye nyumba mpya za pembezoni, wamekutana na maua ambayo bibi zao hawakuyajua. Mojawapo ni azalea, kichaka kifupi cha majani madogo mabichi, ambacho kikichanua hufunikwa na maua mekundu, meupe au ya waridi hata majani yasionekane. Joto la Mombasa hulidhoofisha ua hili. Nakuru imeinuka kiasi cha mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku hulifaa.

Hata hivyo, wengi huinunua azalea kitaluni ikiwa imejaa maua, na baada ya miezi michache wakabakiwa na chungu cha vijiti vikavu. Hulaumiwa jua, hulaumiwa mbolea, pengine hulaumiwa hata jicho la hasidi. Aghalabu kosa liko katika maji, na si katika uchache wake tu, bali katika aina yake.

Asili ya azalea ni milima ya Uchina na Japani, penye mvua nyingi na udongo wenye asidi. Mizizi yake ni myembamba kama nywele na haizami mbali, kwa hiyo hukauka upesi na pia huoza upesi. Hustawi pale ambapo kipimo cha pH cha udongo kiko baina ya 4.5 na 6. Katika jambo hili inafanana na mchai, na ndiyo maana udongo wa Kericho, magharibi ya Nakuru, ungeifaa vyema.

Maji ya Nakuru ni kinyume cha hayo. Mji umekaa baina ya mlima wa volkano wa Menengai na ziwa la magadi lisilo na mto wa kulitoa maji. Maji mengi ya mji huo hutoka katika visima virefu, nayo hupita katika miamba ya volkano na kuchukua magadi na madini ya floraidi. Ukiyamwagia azalea siku baada ya siku, magadi huizima asidi ya udongo. Hapo mmea hushindwa kuvuta madini ya chuma hata kama yamejaa chunguni. Jani huwa la manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hali hiyo yafanana na mtu aliyepungukiwa damu, na kuuzidishia maji hakuutibu.

Hapa mama wa Pwani huweza kuhadaika. Visima vya kwetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake hujulikana mara moja: sabuni haitoi povu na birika hufanya ukoko mweupe. Maji ya Nakuru aghalabu hutoa povu jingi, kwa hiyo hudhaniwa kuwa ni laini na mazuri. Kuyachemsha nako hakuyasaidii. Moto huua vijidudu, lakini floraidi na magadi havitoki, bali huzidi kukolea kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke.

Dawa ni maji ya mvua. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya paa la mita mraba 50 ni lita 50 za maji. Mvua moja ya milimita 10 ni lita zipatazo 500, ukiacha zile zinazopotea. Acha mvua ya mwanzo ioshe vumbi la paa, kisha kinga maji katika tangi au pipa lenye kifuniko, mbu wasizalie humo. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo wakati wa kuweka akiba ya kiangazi cha Januari na Februari. Azalea moja ya chungu hutosheka na lita chache kwa wiki.

Katika bustani, panda azalea mahali penye kivuli cha mchana. Mwagilia asubuhi, polepole, chini kwenye shina na si juu ya maua, mpaka maji yazame kiasi cha shubiri moja. Usifuate kalenda, tia kidole udongoni, na ukiona umeanza kukauka juu ndipo unyweshe. Funika udongo kwa majani makavu ya msonobari ili unyevu usipotee, lakini yasigusane na shina.

Ndani ya nyumba, hatari kubwa ni mbili: kusahau na kuzidisha. Inua chungu, kikiwa chepesi, kiloweke katika beseni la maji ya mvua yasiyo baridi sana mpaka viputo vikome. Kisha kitoe, kichuruzike vizuri, ndipo ukirudishe mahali pake. Usikiache kikae ndani ya sahani yenye maji, na uivue ile karatasi ya mapambo kiliyokuja nayo dukani, kwani hufungia maji chini na kuozesha mizizi.

Kina mama wanaochelea israfu huyahifadhi maji ya udhu kwa ajili ya mimea. Hilo ni jema, lakini kama yametoka katika kisima cha magadi, wape migomba na usiipe azalea. Vivyo hivyo majivu ya jiko, ambayo huzidisha yale yale tunayoyakimbia.

Jani la manjano lina neno jingine la kutuambia. Maji yale yale ndiyo wanayokunywa watoto. Meno ya kahawia ya watu wengi waliokulia Nakuru, Gilgil na Naivasha si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki, na si haki msichana aonewe haya kwa ajili yake. Ni athari ya floraidi iliyoingia wakati meno ya ukubwani yakiumbika chini ya ufizi, yaani katika miaka minane hivi ya kwanza. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Bonde la Ufa hukipita. Dayosisi ya Kanisa Katoliki ya Nakuru imeeneza vichujio vya makaa ya mifupa vinavyopunguza floraidi. Kwa asiye na kichujio, maji ya mvua yaliyokingwa kwa usafi na kuchemshwa ni hazina. Basi katika pipa lako, fungu la kwanza liwe la mtoto, na la pili liwe la ua.

Na mtoto huyo asiachwe peke yake na azalea. Majani na maua yake yana sumu kwa watu, na kwa mbuzi pia. Kiweke chungu mahali pa juu, jicho lifike na mkono mdogo usifike.