Vumbi na Mlima wa Manga: Kinga Ndogo Zinazookoa Injini

Lori lililojaa majani chai au ndizi linapopanda mlima wa Manga, injini hufanya kazi ya nguvu huku gari likienda polepole. Upepo unaopita kwenye rejeta ni mdogo, na joto hupanda haraka. Barabara za vijijini katika Kemera, Magombo na Manga huongeza adui wa pili wakati wa kiangazi: vumbi.

Watengenezaji wa magari hujiandaa kwa hali kama hizi. Pistoni huundwa kwa aluminiamu, madini mepesi yanayopitisha joto upesi. Ringi nyingi hupakwa tabaka gumu la kromiamu, nayo krankshafti hugumishwa usoni ili isilike mapema. Hata hivyo, chembe za mchanga zilizomo kwenye vumbi ni ngumu kuliko chuma. Zikipenya filta ya hewa, husaga silinda na ringi kama msasa. Dalili zake ni moshi wa buluu, oili kupungua na gari kukosa nguvu. Ndiyo sababu magari mengi ya mashindano ya Safari Rally huvuta hewa kupitia bomba lililoinuliwa hadi usawa wa paa, juu ya vumbi na maji.

Mwinuko nao una athari zake. Mombasa, maji huchemka kwa nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa mita 2,000, huchemka kwa takriban nyuzi 93. Kifuniko cha rejeta hushikilia shinikizo ili maji yasichemke mapema. Kifuniko kikilegea, kinga hiyo hupotea: maji huchemka, silinda hedi hupinda na gasketi huungua. Kifuniko cha bei ndogo huweza kumgharimu mwenye gari injini nzima.

Baadhi ya mafundi huondoa thamostati wakiamini kwamba injini itapoa vizuri zaidi. Thamostati huwezesha injini kufikia joto linalofaa na kubaki hapo. Bila hiyo, injini hukaa baridi muda mrefu asubuhi, hula mafuta mengi na kulika haraka. Gari likipata joto kupita kiasi, chanzo kitafutwe kwenye rejeta, feni, pampu ya maji au kifuniko.

Wenye magari wanashauriwa:

- Kukagua filta ya hewa mara kwa mara wakati wa kiangazi, na kuibadilisha ikitoboka au kuziba.
- Kubadilisha oili na filta yake kwa wakati. Anayepita barabara za vumbi asingoje hadi mwisho wa muda uliowekwa.
- Kutumia kulanti badala ya maji ya mto, ambayo huleta kutu na kuziba rejeta.
- Kutofungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji na mvuke hufoka na kuunguza vibaya.
- Kusimama mahali salama mshale wa joto unapopanda, kuzima injini na kungoja ipoe.

Kwa familia nyingi, gari ndilo shamba la pili. Likisimama, mazao hukwama na karo huchelewa.