Uzi Mrefu wa Nuru na Sauti Ikatikayo

Katika nyumba nyingi za siku hizi televisheni husimama kwenye ukuta mmoja, na amplifaya pamoja na spika zake mbili huwa kwenye ukuta wa pili. Kati yake hupitishwa uzi mwembamba, nyuma ya kabati na juu ya kizingiti cha mlango. Uzi huo hauchukui umeme. Huchukua nuru nyekundu. Ukiwa mfupi, mwenye nyumba husahau kama upo. Lakini ukifika mita 10 au kupita, pengine sauti hukatika katikati ya taarifa ya habari, ikarudi, kisha ikakatika tena. Ndipo mtu hushauriwa dukani anunue uzi wa bei mara kumi ya ule wa kwanza. Twataka kueleza namna ya kuutafuta ubaya ulipo kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Yatupasa kwanza kuijua kazi ya uzi wenyewe. Uliletwa na kampuni ya Toshiba ya Japani mwaka 1983, ili kuunganisha mashine zake za kupigia CD na amplifaya, na kwa hiyo waitwa TOSLINK. Sauti iliyomo katika CD imeandikwa kwa tarakimu: hupimwa mara 44,100 katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa alama mbili tu, moja na sifuri. Televisheni aghalabu hutumia vipimo 48,000. Ndani ya tundu la mashine mna taa ndogo iwakayo na kuzimika kwa kuzifuata alama hizo, kadiri ya milioni 3 kila sekunde. Na upande wa pili mna jicho dogo lizisomalo, kisha amplifaya huzigeuza kuwa sauti tena.

Basi hapa pana jambo la kushika sana. Waya wa kawaida wa sauti ukichakaa, sauti huharibika kidogo kidogo, ikaingia mvumo na mkwaruzo. Tarakimu hazifanyi hivyo. Jicho likiweza kuitambua moja kuwa moja na sifuri kuwa sifuri, sauti hufika yote kama ilivyotoka. Lisipoweza, sauti hukatika, au hutoa mlio kama wa kijiti kivunjikacho, au hunyamaza kabisa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba uzi wa bei kubwa utaongeza utamu wa besi, mwache aendelee na biashara yake. Na ukisikia mvumo wa umeme usiokoma, usiushitaki uzi huu, maana hauna madini yawezayo kuupitisha. Utafute mvumo huo katika nyaya nyingine.

Je, urefu wadhuru nini? Kiini cha uzi ni plastiki yenye unene wa milimita 1 tu. Plastiki hiyo, hata ikiwa nzuri, hunyang'anya nuru kadiri ya asilimia 4 katika kila mita. Mwisho wa mita 5 hubaki kama sehemu nne katika tano, na mwisho wa mita 10 hubaki kama theluthi mbili. Hasara hiyo peke yake si kubwa. Lakini ongeza kona kali nyuma ya kabati, ambapo nuru hutoka ubavuni badala ya kudunda na kuendelea. Ongeza vumbi kwenye ncha. Ongeza kiungo cha kuunga nyuzi mbili fupi, ambacho huweza kula nuru kuliko mita kadhaa za uzi mzima. Hapo jicho la upande wa pili huachiwa mwanga hafifu, nalo huanza kubahatisha. Ndiyo sababu hushauriwa tangu zamani kutozidi mita 5, na 10 huhesabiwa kuwa mwisho wa kutumainiwa.

Jaribio tulipendalo kuliko yote latokana na jambo hili, wala halihitaji chombo chochote. Mtu asomaye barua kwa mwanga wa kibatari aweza kuisoma polepole bila kukosea. Mwambie asome upesi maradufu, naye atajikwaa. Jicho la amplifaya li vivyo hivyo. Mashine nyingine huweza kutoa vipimo 96,000 kwa sekunde, na hapo alama zipitazo huwa milioni 6. Kwa vipimo 192,000 huwa milioni 12, na vipokezi vingi vya namna hii havikutengenezwa kwa mbio hizo. Ingia, basi, katika mipangilio ya mashine ipelekayo sauti, ushushe vipimo hadi 48,000. Sauti ikiacha kukatika, umekwisha jua kwamba uzi haukukatika. Nuru ndiyo haitoshi kwa mbio ile. Na kwa kuwa masikio ya watu wengi hayatambui tofauti, waweza kuiacha hivyo daima bila kununua kitu.

Ikiwa hakuna sauti hata kidogo, usianze na urefu. Tazama kwanza kama vifuniko vidogo vya plastiki vimeondolewa kwenye ncha zote mbili. Jambo hili laonekana la kuchekesha, lakini vifuniko hivyo havina rangi na hujificha. Kisha chomoa ncha ya upande wa amplifaya uielekeze kwenye kiganja, chumba kikiwa na kiza kidogo. Doa jekundu likionekana, nuru yafika, ijapokuwa doa haliwezi kukuambia kama yatosha. Lisipoonekana, chunguza upande wa televisheni. Ncha ni ya pembe, nayo huingia kwa njia moja tu, mpaka isikike ikibana.

Nuru ikifika na sauti isisikike, yamkini lugha ndiyo haieleweki. Televisheni nyingi hupeleka sauti iliyofungwa kwa namna ya Dolby, iliyokusudiwa spika tano au zaidi, na amplifaya ya spika mbili haiwezi kuifungua. Hunyamaza, au hutoa mshindo wa kuchukiza. Katika mipangilio ya sauti chagua PCM. Nyuzi nyingi nzima zimetupwa kwa ajili ya neno hili moja.

Baada ya hayo, azima uzi wa mita 1 na uisogeze amplifaya karibu kwa muda. Sauti ikipita vizuri, mashine zote mbili hazina kosa. Unyooshe uzi mrefu, uzifute ncha kwa kitambaa laini kikavu, na kila kona iwe pana angalau kama mdomo wa kikombe. Palipokwisha kunjika kabisa hapaponi, maana plastiki hushika kovu lake.

Mwenye kulazimika kupita mita 10 aweza kutafuta uzi wa nyuzi za kioo, upotezao nuru kidogo, au kisanduku cha katikati kitumiacho umeme ili kuiwasha nuru upya. Mashine zote mbili zikiwa na tundu la duara la koaksio, waya wa omu 75 utakwenda mbali zaidi kwa fedha kidogo. Ila huo ni wa madini, na mvumo wa umeme waweza kusafiri nao.