MALIPO YA DENI YASIYOINGIZWA KITABUNI: MWANANCHI AFANYE NINI

Miongoni mwa mambo yanayowasumbua wakazi wa visiwani na wa mwambao wa Ziwa Viktoria ni hili: mtu amekopa, amelipa, na mkusanyaji wa marejesho amepokea, kisha siku ya kuhesabiana anaambiwa kwamba fedha zile hazimo kitabuni. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wananchi, kuanzia Nansio na Ukara hadi Kirumba, Igombe na Kayenze, haki ya mlipaji na njia impasayo kuifuata.

Kazi za ziwani zenyewe huchangia tatizo hili. Dagaa huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, katika siku za giza. Mbalamwezi inapokuwa kali, mitumbwi hupandishwa ufukweni na wavuvi hupumzika. Kipato cha mvuvi, na cha mama mwanikaji na mchuuzi wa dagaa, huja kwa mawimbi, ilhali mikopo mingi hudaiwa kila wiki bila kuangalia mwezi. Hivyo mkopaji hulipa marejesho mawili kwa pamoja wakati wa giza, akaruka wiki moja wakati wa mbalamwezi, na pengine akatuma fedha kwa jirani au kwa mtoto. Mkusanyaji huzipokea mwaloni katikati ya makelele ya mnada na kuahidi kwamba ataandika akifika ofisini. Hapo ndipo kosa, au hila, hupata mlango.

Natuchukue mfano wa kubuni. Mama mmoja amekopa shilingi 500,000 kwa miezi 3, kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Deni lote ni shilingi 552,500, nalo linagawanyika katika marejesho 13 ya shilingi 42,500. Amelipa mara 9, yaani shilingi 382,500, na anajua kwamba amebakiza 170,000. Kitabu cha mkusanyaji kinaonyesha mara 6 tu, na anadaiwa 297,500. Tofauti ya shilingi 127,500 kwa mchuuzi mdogo ni mtaji wake wa dagaa.

Je, sheria inasema nini? Kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, anayedai kuwapo kwa jambo ndiye mwenye wajibu wa kulithibitisha. Mkopeshaji akienda mahakamani, ni juu yake kuthibitisha kwamba alikopesha. Lakini mama huyu akikiri kwamba alikopa, kisha akasema kwamba amelipa, uthibitisho wa malipo unakuwa juu yake. Wengi hawalitambui jambo hili. Hudhani kwamba kitabu kibovu ni tatizo la mwenye kitabu. Lakini asiye na stakabadhi hayuko mikono mitupu. Ushahidi wa mdomo wa mtu aliyeona fedha zikikabidhiwa hupokelewa na mahakama. Hali kadhalika, tangu ilipotungwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu hauwezi kukataliwa kuwa ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Aliyefuta ujumbe wake aende kwa kampuni yake ya simu, aombe taarifa ya miamala ya namba yake.

Aidha, ipo kanuni ya uwakala katika Sheria ya Mikataba. Fedha alizokabidhiwa wakala aliyetumwa kukusanya huhesabiwa kwamba zimemfikia aliyemtuma. Wakala akizitia mfukoni, hasara ni ya mkopeshaji, na suala la wizi ni baina yao wawili. Hata kama wakala ameachishwa kazi, maadamu mkopaji hakujulishwa na alilipa kwa nia njema, malipo yake yanasimama. Ugumu huja pale fedha zinapotumwa kwenye namba binafsi ya mkusanyaji badala ya namba ya taasisi. Mkopeshaji anaweza kusema kwamba huo ulikuwa ukopeshanaji wa marafiki. Anayeelekezwa kulipa kwenye namba binafsi adai maelekezo hayo kwa maandishi kutoka ofisini, na asipoyapata asitume.

Wazee wa Usukuma hawawezi kulishangaa jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba walipochoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, waliweka watu wao wenyewe kusimama penye mizani na kuhakiki uzito. Katika vuguvugu hilo ndimo kilimozaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa kilichoongozwa na Paul Bomani, na hatimaye, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Viktoria. Nasi tuliosoma chuoni utotoni tulifundishwa kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Sura ya al-Baqara, inahusu uandishi wa madeni, na anayetakiwa kumtajia mwandishi maneno ya kuandika ni yule anayedaiwa, si anayedai.

Kwa hiyo mkopaji awe na daftari lake. Kila rejesho liandikwe tarehe, kiasi, mahali, na saini ya aliyepokea. Na fedha zisitoke mkononi kabla ya saini. Mkusanyaji akikataa kusaini, alipwe mbele ya shahidi mtu mzima, na siku hiyo hiyo ofisi yake ipelekewe ujumbe kwamba kiasi fulani kimepokelewa na fulani. Mwenye mikopo miwili kwa mkopeshaji mmoja aseme wakati wa kulipa fedha ni za mkopo upi, kwani asiposema, mkopeshaji ana ruhusa ya kuzielekeza atakako.

Ikiwa hitilafu imekwisha tokea, hatua ya kwanza ni barua kwa mkopeshaji mwenyewe, si kwa mkusanyaji. Barua itaje kila malipo, iambatishe nakala za uthibitisho, na iombe taarifa kamili ya mkopo. Nakala ibaki na mhuri wa kupokelewa. Wakati shauri likiendelea, kiasi kisichobishaniwa kiendelee kulipwa. Kuacha kulipa kabisa humpa mkopeshaji hoja ambayo hakuwa nayo. La kuepukwa kuliko yote ni kutia saini mkataba mpya wa "kuweka hesabu sawa" unaotaja deni lisilo sahihi, maana saini hiyo ni kukiri deni.

Mkopeshaji asiporekebisha, lalamiko lipelekwe kwa msimamizi wake. Tangu ilipotungwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wasiopokea amana wanatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Mwanza na hupokea malalamiko ya wateja. Vyama vya akiba na mikopo husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Mwananchi aulize leseni kabla ya kukopa. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Ieleweke pia kwamba deni ni shauri la madai, si la jinai. Mkusanyaji hana mamlaka ya kumweka mtu mahabusu.

Kwa upande wa watumishi wa umma, jambo hili lina sura nyingine. Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kuwasilisha makato. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowaelemea wengi, ilitangazwa kufutwa na Rais Samia Suluhu Hassan hapa hapa Mwanza katika sherehe za Mei Mosi 2021. Mtumishi aliyehama halmashauri alinganishe hati zake za mshahara na taarifa ya Bodi, mwezi kwa mwezi. Akikuta mwezi uliokatwa lakini haukuingizwa, hati ya mshahara ndiyo stakabadhi yake. Aandike kwa mwajiri na nakala kwa Bodi. Hati hizo zisitupwe.

Deni linapokwisha, mlipaji aombe barua ya kumaliza deni siku hiyo hiyo, na arudishiwe dhamana aliyoiweka, iwe ni hati ya kiwanja, kadi ya benki au injini ya mtumbwi. Barua hiyo itunzwe pamoja na daftari kwa muda usiopungua miaka 6, kwa kuwa huo ndio muda ambao sheria ya ukomo inamruhusu mtu kufungua shauri la madai yatokanayo na mkataba.