Je, Wajua? Gari Likinyanyuliwa, Propela Shafti Huumia

Sapiwi, wilayani Bariadi, ni nchi ya pamba na udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba ukilowa na kung'ang'ania tairi. Mwenye gari la porini hushawishika kulinyanyua kwa springi ndefu. Lakini je, wajua kwamba kwenye gari la ekseli nzima, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, springi hizo haziipandishi difu hata kidogo? Kimo cha difu huamuliwa na tairi. Kinachopanda ni bodi, chesisi na giaboksi, na hapo propela shafti, ile inayounganisha giaboksi na difu, huinama zaidi.

Krosi, yaani kiungo cha kila ncha ya shafti hiyo, ikipinda haizungushi kwa mwendo sawa: katika kila mzunguko, upande wa pili huongeza kasi mara 2 na kuipunguza mara 2. Kwa pembe ya nyuzi 10, tofauti ni kama asilimia 1.5 juu na chini. Kwa nyuzi 20, hufika 6. Krosi mbili za shafti moja hufutiana kasoro hiyo, ila pembe zao zikiwa sawa tu. Zisipolingana, gari hutetema na krosi hulika upesi. Shafti nayo hulazimika kurefuka kwa kuteleza kwenye meno yake. Yakibaki machache yameshikana, ni hatari kweli.

Dawa zipo: kabari kati ya springi na ekseli, spesa kwenye flanji, au shafti ndefu. Kwa tope la Sapiwi, mimi ningeanza na tairi.