Ziwa Lililowahi Kuwa Nchi Kavu

Mvua inayonyeshea majani chai ya Kericho na Bomet haikai mlimani. Sehemu yake huteremka kwa mito ya Kipsonoi na Yurith, ambayo huungana kuwa Mto Sondu, ikapita chini ya miteremko ya Sigowet na kumwagika katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Maji hayo hubeba udongo, nao hutua sakafuni tabaka juu ya tabaka. Anayetaka kujua ziwa lilikuwa na kina gani zamani huanzia kwenye tope hilo.

Anachokitafuta humo ni diatomu: mwani wa seli moja, usioonekana kwa macho matupu, unaojijengea gamba la silika. Gamba lina vipande viwili vinavyofunikana kama kikopo na kifuniko chake. Mwani hufa ukaoza, lakini gamba hudumu maelfu ya miaka pamoja na nakshi zake, na kwa nakshi hizo spishi moja hutambuliwa na nyingine.

Hapo ndipo penye faida. Baadhi ya diatomu huelea katikati ya ziwa. Nyingine hung'ang'ania mashina ya mafunjo, mawe na tope la kandokando, mahali mwanga wa jua unapofika chini. Tabaka la kale likijaa zile za kandokando, maana yake ufuko ulikuwa karibu: maji yalikuwa yamepungua. Diatomu za jenasi Aulacoseira nazo ni nzito, huhitaji upepo uyakoroge maji ndipo zisizame, kwa hiyo wingi wake husimulia habari za upepo pia.

Kazi yenyewe haina fahari. Bomba refu hudidimizwa sakafuni, likatolewa na nguzo ya tope. Kijisehemu cha kila kina husafishwa kwa kemikali ili mabaki ya mimea yaondoke, tone lake huwekwa kwenye kioo chini ya hadubini, kisha mtu huketi kuhesabu magamba, mamia kwa kila sampuli. Umri wa tabaka hupimwa kwa kaboni-14. Ndivyo Curt Stager wa Marekani na wenzake walivyopata, kutoka Ghuba ya Pilkington upande wa Uganda, kumbukumbu ya ziwa ya miaka 10,000 hivi, waliyoichapisha 2003.

Kubwa zaidi lilikuwa limeshatangazwa 1996. Thomas Johnson na wenzake walionyesha kwamba chini ya tope la ziwa kuna udongo wa nchi kavu. Ziwa lote, ambalo leo kina chake kikubwa kabisa ni mita 80 hivi, lilikauka, na maji yakarudi takriban miaka 15,000 iliyopita. Wanabiolojia walipata mgogoro papo hapo: mamia ya spishi za samaki wa aina ya fulu wa Victoria zingezukaje kwa muda mfupi hivyo? Mjadala huo haujaisha.

Pwani, hesabu ni ileile, ila huko panasomwa chumvi na kujaa kwa maji. Foraminifera, viumbe wa seli moja ambao wengi wao wana magamba ya chokaa, hukaa kila aina kwenye kimo chake kati ya maji kupwa na maji kujaa. Mikoko nayo hupanga safu: mlilana hutangulia upande wa bahari, mkandaa hukaa nyuma. Chavua zao zikibaki kwenye matope, huonyesha safu zilivyosogea bahari ilipopanda au kushuka. Paramita Punwong na wenzake walifanya hivyo Makoba na Unguja Ukuu, Zanzibar, wakachapisha matokeo 2013. Chavua ina udhaifu wake, kwani hupeperuka. Gamba lililokaa palepale ni shahidi mwaminifu zaidi.

Vipimo vya kimo cha maji ya Victoria vinavyosomwa na watu vilianza mwishoni mwa karne ya 19 tu. Mei 2020, cha Jinja, Uganda, kilifika mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na familia nyingi za ufukweni zikahama. Rekodi ya miaka mia moja na ushei ni fupi mno kwa ziwa lenye historia hii. Wanaochora mipaka ya ujenzi kando ya Winam wangefaa waulize tope kabla ya kuuliza kipimo cha Jinja.