Mtetemo wa Moyo na Maradhi Yanayoandamana Nao

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, na kila pigo huanzia katika chumba cha juu cha kulia. Katika maradhi ya mtetemo wa atria, umeme wa vyumba vya juu huvurugika, hata misuli yake ikatetemeka mara 350 au zaidi kwa dakika badala ya kujikaza kwa pamoja. Vyumba vya chini hupokea sehemu tu ya ghasia hiyo. Ndiyo sababu mshipa wa kifundo cha mkono hupiga bila mpango. Damu ituamayo katika chumba cha juu cha kushoto huweza kuganda, na bonge lake likifika ubongoni huleta kiharusi.

Ni nadra maradhi haya kumpata mtu yakiwa peke yake. Mara nyingi huandamana na shinikizo la damu, kisukari au unene. Huandamana pia na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, jambo la kukumbukwa katika Nyanda za Juu Kusini, ambako rovu lilipata kuenea kwa upungufu wa madini joto. Lakini mwenziwe mbaya zaidi ni homa ya baridi yabisi ya utotoni, ambayo hufuata maambukizo ya koo na kuharibu valvu za moyo. Uchunguzi uliofanywa katika nchi 46 na kutangazwa mwaka 2014 ulikuta madhara hayo kwa wagonjwa 2 hivi katika kila 100 Marekani ya Kaskazini, bali kwa zaidi ya 21 barani Afrika. Nao wataalamu wa Framingham, Marekani, walikwisha kuonyesha mwaka 1978 kwamba mtetemo wa atria huzidisha hatari ya kiharusi zaidi ya mara 5. Ukiambatana na valvu zilizoharibiwa na homa hiyo, zaidi ya mara 17.

Basi wagonjwa wawili wa Tunduma wenye mapigo yaliyovurugika sawasawa huenda wasistahili dawa moja. Asiye na ila ya valvu aweza kupewa dawa mpya za kuzuia damu kuganda. Mwenye valvu iliyosinyaa kwa homa hiyo hufaidika zaidi na dawa za zamani za jamii ya warfarini, kama lilivyothibitisha jaribio la mwaka 2022 lililohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Warfarini, hata hivyo, ina masharti. Damu sharti ipimwe mara kwa mara, na kipimo kisipopatikana karibu, kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kiasi cha kilomita 100. Mgonjwa hakatazwi mchicha wala majani ya maboga, ila asile sana leo na kuacha kabisa kesho, kwa kuwa vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa.

Akipatwa na kifua kikuu, mambo huwa magumu zaidi. Rifampisini hulichochea ini kuivunja warfarini upesi, kwa hiyo kiasi chake huongezwa, pengine maradufu au zaidi. Baada ya miezi 6 matibabu ya kifua kikuu yakiisha, uchochezi huo hutoweka kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Kiasi kilekile kilichokuwa kikimkinga na kiharusi, kisipopunguzwa kwa wakati, huanza kumtoa damu.